Je, Lazima Tujue Sababu Ndipo Tumsaidie Mgonjwa?

Wengi wenu mliuliza kwa nini kwa majuma matano sikuonekana madhabahuni. Nilikuwa mgonjwa. Sasa nina nguvu za kushika kalamu, nami nimeona vema niwaandikie. Siandiki ili mnihurumie. Ugonjwa huu uliniachia swali moja, na nadhani swali hilo si langu peke yangu: je, ni lazima tujue kwanza kwa nini mtu anateseka, ndipo tumsaidie?

Ugonjwa wenyewe

Ulianza kwa maumivu ya ubavu wa kulia. Nilidhani nimejitegua nilipobeba kuni. Siku ya tatu ukatokea upele mwekundu, kisha malengelenge madogo madogo yaliyojipanga kutoka mgongoni hadi kifuani, upande mmoja tu. Sisi tuliotoka Kongo tunauita zona. Wenyeji wetu Watanzania wanauita mkanda wa jeshi. Majina yote mawili yanakutana, maana katika chuo cha Biblia tulifundishwa Kiyunani kidogo, na neno zone maana yake ni mshipi. Ndilo neno Marko alilotumia alipoandika juu ya mshipi wa ngozi wa Yohana Mbatizaji. Ila mshipi wa Yohana ulishika vazi lake mwilini, na huu wangu haukutaka vazi lolote. Shati likinigusa tu, nilihisi kama nimewekewa kaa la moto. Usiku ilikuwa vibaya zaidi. Nililala nimeketi.

Tabibu alinieleza hivi. Mtu akiugua tetekuwanga utotoni, anapona, lakini virusi vyake havitoki mwilini. Vinajificha katika mizizi ya mishipa ya fahamu, kimya, hata miaka thelathini au arobaini. Siku kinga ya mwili ikipungua, vinaamka na kufuata mshipa mmoja wa fahamu hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana upele hukaa upande mmoja kama mkanda. Kinga inaweza kupungua kwa sababu ya umri, kwa ugonjwa mwingine, kwa dawa fulani, au kwa virusi vya UKIMWI. Mimi niliugua tetekuwanga nikiwa mtoto wa miaka saba kule Fizi. Nilivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 nikiwa na mfuko mmoja wa nguo, kumbe nilikuwa nimebeba na mzigo mwingine nisioujua.

Maneno ya kwenye bomba

Kambini habari haihitaji redio. Kabla malengelenge hayajakauka, kwenye bomba la maji na kwenye foleni ya mgao watu walikuwa wameshapata sababu tatu. Wa kwanza walisema mchungaji ana ule ugonjwa. Wa pili walisema amelogwa, na mkanda ukikutana pande zote mbili atakufa. Wa tatu, na hawa ni watu wa kanisa, walisema iko dhambi ya siri.

Niliumia sana kusikia hayo, na nilikuwa tayari kuwakasirikia. Lakini nililala nimeketi, na mtu anayelala ameketi anapata muda mrefu wa kukumbuka.

Nilimkumbuka mama mmoja wa kwaya yetu. (Naandika haya kwa ruhusa yake.) Miaka miwili kabla yangu, yeye pia alipatwa na mkanda. Nilikwenda kwake na Biblia mkononi. Mbele ya watoto wake niliomba kwa sauti kubwa, nikamsihi Mungu afunue jambo lililofichika katika nyumba ile. Nilidhani nafanya kazi ya mchungaji. Sikumwuliza kama amekula. Sikuuliza nani anamtekea maji. Baada ya siku ile hakurudi tena kwenye kwaya, nami nikasema moyoni, tazama, dhamiri yake inamsumbua.

Basi wale wa bombani walikuwa wanafunzi wangu. Mimi ndiye niliyewafundisha kuuliza vile.

Kuna kwa nini mbili

Wapendwa, sisemi kwamba kuuliza sababu ni kosa. Tabibu naye aliniuliza maswali mengi. Uliwahi kuugua tetekuwanga? Upele ulianza lini? Je, nyumbani kuna mtoto mchanga au mama mjamzito? Lakini kila jibu langu lilimpa kazi. Aliposikia kwamba upele ulikuwa na siku mbili tu, alinianzishia dawa ya asiklovia siku ile ile, maana hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku tatu tangu upele kutokea. Aliposikia kwamba shemeji yangu ni mjamzito na hakumbuki kuugua tetekuwanga, alisema asinikaribie mpaka malengelenge yakauke, nami nifunike upele wangu. Mtu hawezi kuambukizwa mkanda wenyewe, lakini maji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga yule ambaye hajawahi kuugua.

Hiyo ndiyo kwa nini ya daktari. Iko nyingine, ya hakimu. Hakimu naye anauliza ulifanya nini, ulikuwa wapi, na nani. Lakini jibu lako halimpi kazi ya kukusaidia. Linamwambia tu kama unastahili au hustahili.

Ukitaka kujua swali lako ni la aina gani, jiulize: jibu likija, litabadilisha nini? Kama litabadilisha dawa, au litamkinga mtoto wa jirani, uliza. Kama litabadilisha tu kwamba utakwenda au hutakwenda kumwona mgonjwa, nyamaza. Chukua ndoo ukamtekee maji.

Sisi wakimbizi tungepaswa kulijua jambo hili kuliko watu wote. Tumeulizwa mara ngapi kwa nini tulikimbia? Mahojiano ya ofisini yana kazi yake, tunayakubali. Lakini mnalijua lile swali lingine, la njiani na la sokoni: mlifanya nini huko kwenu hata mkafukuzwa? Mnajua jinsi linavyochoma. Na mnawakumbuka wale wasiouliza. Nilipofika ufukoni Kigoma nikiwa kijana wa miaka kumi na sita, mama mmoja muuza mihogo alinipa kipande, akampa na mdogo wangu, akaendelea na kazi yake. Hakujua sisi ni kabila gani. Sikulijua jina lake hadi leo, lakini mhogo ule naukumbuka.

Marafiki wa Ayubu

Tumezoea kuwalaumu marafiki watatu wa Ayubu. Tusome vizuri. Katika sura ya pili walifanya jambo jema sana: waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa. Kosa lao lilianza walipofungua vinywa kutafuta sababu. Tangu sura ya nne hawakumsaidia tena, walimshtaki. Watu walikuwa wale wale, na upendo wao pengine ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni swali.

Mimi nilipewa marafiki wa sura ya pili. Shemasi wetu mmoja alikuja kila jioni na kuketi mlangoni mpaka nisinzie. Alileta maharage ya nyumbani kwake akayachambua mawe chini ya mwanga wa taa, hasemi kitu. Sauti ya maharage yakianguka kwenye sinia ilinituliza kuliko mahubiri. Fundi cherehani wa mtaa wetu, ambaye si wa kanisa letu, alifumua shati langu la zamani, akaliacha wazi ubavu wa kulia, akaweka kamba za kufungia begani. Kwa shati lile niliweza kwenda zahanati bila kulia njiani. Vijana walibeba kuni zangu. Mke wangu, ambaye alichoka kuliko mimi, alipata usiku mbili za kulala kwa sababu dada wawili walishika zamu.

Na yule mama wa kwaya alikuja. Alileta uji, na kitambaa safi cha pamba. Alimwonyesha mke wangu jinsi ya kukilowesha maji baridi yaliyochemshwa na kukiweka juu ya upele kwa upole, bila kusugua. Alijua kwa sababu aliyapitia peke yake. Hakutaja siku ile. Angeitaja, ningekuwa na la kujibu. Kwa kuwa hakuitaja, sikuwa na pa kujificha.

Nilimwomba msamaha. Lakini kosa nilikuwa nimelifanya mbele ya watoto wake, basi nilimsihi awaite, nikawaambia wao pia kwamba mama yao hakuwa na jambo la kufichuliwa, na kwamba mchungaji alikosa. Kisha nilimwomba aniombee. Mwishoni mwa kitabu cha Ayubu, Mungu aliwakasirikia wale rafiki watatu, akawaagiza waende kwa Ayubu ili awaombee. Aliyeshtakiwa ndiye aliyepewa kazi ya kuwaombea washtaki wake. Nilikuwa nimelifundisha somo hilo mara nyingi. Siku ile nililipokea.

Lakini Yakobo hasemi tuungame?

Mzee mmoja aliniuliza: mchungaji, je, Yakobo katika sura ya tano hasemi habari za ugonjwa na kuungama? Anasema, ndiyo. Lakini tazameni mpangilio wake. Mgonjwa ndiye anayewaita wazee. Na kuungama anakotaja ni kwa pande zote, kila mtu kwa mwenzake. Mgonjwa anao mlango, na ufunguo uko mkononi mwake. Akifungua, tuingie kwa unyenyekevu, tukiwa na dhambi zetu wenyewe mkononi. Tusiuvunje mlango na kuita hayo maombi.

Jibu la kipimo

Sasa jambo la mwisho, na ndilo lililonisumbua zaidi. Kwa kuwa mkanda unaweza kuwa dalili ya kinga iliyopungua, tabibu alinishauri nipime virusi vya UKIMWI. Nilipima. Jibu nimepewa, mke wangu analijua.

Wengine mmenishauri nilitangaze kanisani ili maneno yaishe. Niliwaza hivyo usiku mwingi. Lakini nikajiuliza swali lile lile: jibu hilo likitangazwa litabadilisha nini kwenu? Kama nitasema sina, wenye nacho kati yetu, na wapo, wataelewa kwamba mchungaji alistahili uji na shati kwa sababu alikutwa hana. Kama nitasema ninacho, wengine watarudisha ndoo zao nyumbani. Basi sitaliandika. Mlinitekea maji kabla ya kujua. Nataka mbaki hivyo, si kwangu tu.

Msiniige, hata hivyo, katika kuogopa kupima. Nendeni mkapime. Hiyo ni kwa nini ya daktari, na leo dawa za kupunguza makali ya virusi zinawafanya watu kuishi miaka mingi na kulea watoto wao. Na mtu akiona upele kama huu, asipake majivu wala dawa ya meno, wala asingoje kuona kama mkanda utakutana. Aende zahanati mapema. Ukitokea usoni karibu na jicho, aende siku ile ile, maana unaweza kuharibu uwezo wa kuona.

Ngozi yangu imepona, imebaki na makovu. Maumivu hayajaisha yote, wakati mwingine hurudi usiku kama mchomo wa sindano. Tabibu anasema kwa baadhi ya watu huendelea miezi kadhaa. Nikisikia mchomo huo nakumbuka maharage kwenye sinia.

Mama wa kwaya amerudi mstari wa mbele. Jumapili ijayo tutakuwa pamoja, Mungu akipenda. Mkiniona nimevaa shati lililo wazi ubavuni, msishangae. Ni zawadi.

Bwana awabariki na kuwalinda ninyi na watoto wenu.

Mchungaji wenu