Konzi ya Unga Kibera

Tarehe 23 Julai 2018, kabla ya jua kuchomoza, matingatinga yaliingia Kibera. Nyumba na shule zikabomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Watu wapatao 30,000 wakabaki bila makao. Kisha masika ya 2024 yakagharikisha mitaa ya Nairobi, Kibera ikiwemo.

Mkristo wa Raila, kijiji kilichomo Kibera, amtumainie Mungu vipi?

1 Wafalme 17 inasimulia habari za mjane wa Sarepta, aliyebakiwa na konzi ya unga na mafuta kidogo wakati wa ukame. Mungu hakumjazia ghala. Alimletea nabii Eliya, mgeni mwenye njaa, na baada ya mjane kumlisha, unga haukuisha.

Huko Raila, na hata katika mtaa wa Kawangware, mkono wa Mungu hufika kwa njia hiyo: jirani anayempokea aliyebomolewa nyumba alale kwake, chama cha akina mama kinachochangia matibabu, kanisa la mabati linalopika uji. Kumtumaini Mungu hakumzuii mtu kudai fidia yake.

Msikilizaji, kabla ya kwenda kibaruani, omba riziki ya leo, kisha mbishie hodi jirani aliyelala njaa.