Bei Isiyo na Mji

Mpwa wangu analima ndizi na maembe hapa Kotile, upande wa mashariki wa mto Tana. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalifagia mashamba ya kando ya mto, pampu na mabomba yakaenda na maji. Yeye na wenzake wa shirika wakajikusanya upya, wakapata pampu ya sola, na kontrola yake wakaiagiza kwenye duka la mtandaoni lililojitambulisha kuwa liko Sydney. Bei iliandikwa $180. Duka ni la Australia, kwa hiyo wakahesabu dola ya Australia, ambayo wakati huo ilikuwa shilingi themanini na kitu, wakakubaliana kuwa mzigo ni elfu kumi na tano na ushee. Mpwa wangu akalipa kwa kadi yake ili wenzake wamrudishie. Ujumbe wa benki ulipoingia, zilikuwa zimekatwa zaidi ya 23,000. Duka lilikuwa likihesabu dola ya Marekani.

Alinijia msikitini baada ya darsa. Hakuniuliza pesa zitarudi vipi. Aliniuliza, "Abti," yaani mjomba, "mimi nilikubali bei gani?"

Mimi nasomesha fiqhi, na maswali ya biashara hunijia kila wiki: mbuzi aliyeuzwa mgonjwa, deni lililocheleweshwa, ng'ombe wa shirika. Hili lilinishika kuliko hayo yote, kwa sababu linagusa mzizi wenyewe wa kuuza na kununua. Qur'ani, katika sura ya An-Nisaa, imekataza watu kula mali zao kwa batili ila iwe biashara ya kuridhiana. Ridhaa iko moyoni, na moyo wa mwenzako huuoni. Ndiyo maana wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wakataka tamko: huyu aseme nimekuuzia kwa kiasi fulani, yule aseme nimekubali, na kiasi hicho kijulikane na wote wawili. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza biashara ya gharari, yaani yenye kitu muhimu kilichofichika. Sasa mmoja amesema mia na themanini, mwingine amekubali mia na themanini, na kila mmoja ana sarafu yake kichwani. Midomo imekutana, mioyo haikukutana.

Imamu Nawawi wa Sham, aliyefariki mwaka 1277, alilizungumza jambo hili katika Minhaji, kitabu ambacho wanafunzi wa Kishafi kuanzia Lamu hadi Mogadishu wamekisoma vizazi kwa vizazi. Hukumu yake, kwa maneno yangu, ni hii: ukiuza kwa sarafu bila kuitaja ni ipi, na katika mji huo kuna sarafu moja inayotawala, basi ndiyo hiyo. Zikiwa mbili na hakuna iliyoishinda nyingine, ni lazima utaje. Watu wa zama zake walikuwa na dinari na dirhamu za kila namna, nzito na nyepesi, safi na zilizochanganywa, na walijua ugomvi unakotokea.

Tazameni alivyotegemea mji. Mji ndio unaokamilisha maneno ambayo muuzaji hakuyasema. Ukiwa Garissa na mtu akakwambia "dola mia", hakuna atakayedhani ya Canada. Dola inayofika hapa kupitia hawala, na dola ambayo ndugu zetu wa Somalia, ng'ambo ya mpaka, hulipana kwa simu, ni ya Marekani. Sydney nako wana desturi yao: anayeandika $ dukani anakusudia dola ya Australia. Lakini duka la kwenye skrini liko mji gani? Alama hiyo hiyo hutumiwa Marekani, Canada, Australia, New Zealand, Singapore, Hong Kong, Namibia, Liberia na Jamaika. Wameksiko huiandika mbele ya peso. Katikati ya mwaka 2024, dola 40 za Marekani zilikuwa zaidi ya shilingi 5,000. Dola 40 za Hong Kong hazikufika 700, na za Namibia hazikufika 400. Alama ni moja, na tofauti ni zaidi ya mara kumi.

Tusiwatazame wageni peke yao. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921, na mwaka 1966 Tanzania, Uganda na Kenya zikatoa kila moja shilingi yake. Somalia nayo ina shilingi. Mpaka leo tunaandika Sh kana kwamba bado tuko chini ya bodi moja ya sarafu, na anayeuza nguo kwa picha za simu kutoka Garissa hajui kama mteja wake yuko Arusha au Kampala.

Wako watakaosema mnunuzi ajitazame, kwani dola ikitajwa bila jina dunia nzima hujua ni ya Marekani. Siikubali hoja hiyo. Aliyejitangaza kuwa ni wa Sydney amejifunga kwa desturi ya Sydney, na kwa kanuni ya Nawawi mpwa wangu alihesabu sawasawa. Na lau duka lingeuficha mji wake kabisa, basi hakuna sarafu iliyotawala, na bei ilikuwa haijatajwa bado. Kwa njia zote mbili lawama iko kwa muuzaji, maana yeye ndiye aliyejua kuwa alama yake ina maana nyingi. Tangu 1978 kuna herufi tatu tatu za kimataifa kwa kila sarafu: USD, AUD, KES. Herufi tatu haziongezi gharama yoyote.

Katika soko la mifugo utaona dalali na mnunuzi wameshikana mikono chini ya kitambaa. Vidole vinasema maelfu na mamia, na aliyesimama pembeni hajui lolote. Mgeni akiona hudhani kuna hila. Lakini wawili hao wanajuana bei mpaka senti ya mwisho. Iliyofichwa imefichwa kwa wengine tu. Duka la mtandaoni limegeuza mambo: bei imeanikwa mbele ya dunia nzima, na wawili wanaouziana ndio wasioelewana. Usiri si dhambi hapa, na uwazi wa kuonekana na kila mtu hautoshi kuwa uaminifu.

Likazuka swali la pili. Binamu yake mpwa wangu, aliyeko Minneapolis, alifungua duka lile lile akaonyeshwa $149 kwa kontrola ile ile. Je, ni halali bidhaa moja iwe na bei mbili kwa sababu ya mahali mnunuzi alipo? Asili yake ni halali. Mtume alipoombwa apange bei sokoni alikataa, na sahaba Urwa al-Bariqi, aliyepewa na Mtume dinari moja anunue mbuzi, alinunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari, akaombewa baraka. Faida haina kipimo kimoja. Muuzaji akipunguza bei kwa nchi ambako kipato ni kidogo, mimi namsifu, na akiongeza nauli ya safari ndefu ana haki yake.

Lakini kuna katazo jingine la Mtume: watu wasitoke kuupokea msafara njiani kabla haujafika sokoni. Sisi tunalifahamu bila kufafanuliwa. Mfugaji ametoka Hulugho na mifugo iliyokonda kwa ukame, dalali anamlaki barabarani, anajua bei ya Garissa na mwenzake haijui. Sharia ikampa aliyelakiwa khiyari ya kuvunja mauzo akifika sokoni na kuona alipunjwa. Siku hizi mfugaji anapiga simu mapema kwa jamaa aliyeko sokoni, dhuluma hiyo imepungua sana. Simu hiyo hiyo, ukiingia nayo dukani mtandaoni, inamwambia muuzaji ulipo, na yeye hakwambii wengine wanauziwa kwa kiasi gani. Akikupandishia kwa kuwa tu anajua huna soko jingine la kulinganisha, amekulaki njiani. Hapo ndipo ninapoweka mpaka.

Sheria ya nchi haiko mbali na haya. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji, na Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012 imeweka masharti ya ununuzi wa intaneti, ikiwemo kumfahamisha mnunuzi kabla hajafunga makubaliano. Shida ni kwamba mkono wake haufiki kwa urahisi kwa muuzaji aliye ng'ambo ya bahari.

Nilimjibu mpwa wangu hivi: ridhaa yako ilikuwa ya dola ya Australia, basi una khiyari. Waandikie, udai tofauti au urudishe kifaa. Ukiamua kubaki nacho kwa bei ya juu, ni ridhaa mpya, na itakuwa sahihi kwa sababu sasa unajua. Ila usiwatoze wenzako hiyo elfu nane kimyakimya. Waonyeshe ujumbe wa benki, nao waamue, kwani mali ya shirika ni amana. Waliamua kubaki nacho, maana migomba ilikuwa inakauka.

Nawaomba vijana wetu wanaouza asali, ubani na nguo kwa simu kutoka Garissa, Masalani na Dadaab: kabla mteja hajatuma pesa, mwandikieni KES au USD kwa herufi zote tatu, na akiuliza mwingine ameuziwa kwa bei gani, mwambieni.