Upendo Mbele ya Jeuri

Imani ya Kikristo hufundisha kuwa upendo una nguvu kuliko jeuri. Fundisho hili ni tamu kunenwa penye amani. Uzito wake hujulikana penye damu. Katika wilaya ya Ngara, jirani ya Rwanda, lilipimwa mwaka 1994 kwa mizani isiyopunja.

Aprili mwaka ule maelfu ya watu waliokimbilia kanisa la Nyarubuye, ng'ambo ya mto Kagera, waliuawa humo humo. Wanyarwanda wengi walikuwa wamebatizwa. Muuaji na aliyeuawa waliweza kuwa wamesali pamoja. Msalaba haukuzuia panga, na mto ulichukua maiti hadi ziwa Viktoria. Basi asemaye kuwa upendo hushinda kwa kutajwa tu, hajapata kuutafakari mto ule.

Mwishoni mwa mwezi huo huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa kama siku moja, wakapiga kambi Benaco, wilayani Ngara. Walipewa maji, chakula na dawa. Lakini miongoni mwa wenye njaa walikuwamo waliotoka kuua, nao walipokea posho sawa na mayatima. Je, kumlisha muuaji ni upendo, au ni kushirikiana naye?

Wako waliojibu kuwa mkono ulioua haustahili kupokea. Jibu hili halikosi haki, ila lina upungufu. Anyimaye wote kwa sababu ya baadhi yao huwahukumu wasio na hatia. Naye hurudia kosa la jeuri yenyewe, ambayo humhesabu mtu kwa kundi lake, si kwa tendo lake.

Wengine hudhani kuwa kupenda ni kusahau. Hao nao hukosea. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa Rusumo, alikuwa mmoja wa waliopata hifadhi Benaco. Alikamatwa Tanzania mwaka 2001. Mahakama ya Kimataifa mjini Arusha ikamtia hatiani mwaka 2004 kwa mauaji ya kimbari, na mwaka 2006 rufani ikampa kifungo cha maisha. Hukumu ile haikupingana na chakula cha kambini. Chakula kilimhifadhi kwa kuwa ni mtu. Hukumu ilimwita ajibu kwa kuwa ni mtu. Jeuri ndiyo imfanyayo mtu kuwa kitu.

Nguvu ya upendo, basi, si ya kufuta yaliyokwisha kutendeka. Wafu wa Nyarubuye hawakurudi. Nguvu yake ni kumzuia aliyesalimika asiuige mkono uliompiga. Asiyeamini aweza kusema kuwa ushindi huo ni mdogo, na mwamini hawezi kumshinda kwa maneno. Jibu lake ni matendo mawili yasiyotengana: kumpa mwenye njaa chakula, na kumpa aliyedhulumiwa haki.