Kimbunga Kilichopita Pembeni

Nahodha wa kisa hiki simpi jina, maana wenziwe ni wengi. Ni mtu wa Kilwa. Aprili 2019 redio ilipotangaza Kimbunga Kenneth, alikuwa wa kwanza kuivuta mashua yake hadi chini ya minazi. Alikaa ndani na wanawe wakisikiliza upepo usiokuja. Tarehe 25 Kenneth kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji. Aprili 2021 kikatangazwa Jobo. Akavuta mashua tena, akakosa kitoweo tena, na Jobo kikafia baharini.

Mei 2024 kikatangazwa Hidaya. Mpwa wake akamwambia, "Mjomba, leo tusitoke."

"Wametutisha mara mbili, mwanangu. Mara mbili watoto wamelala na uji."

Mpwa alibaki ufukweni. Nahodha akatoka na mabaharia wawili.

Siwezi kumlaumu kwa hesabu yake ya jikoni. Mvuvi asipotoka, hakuna anayemlipa siku hiyo. Alipokosea ni hapa: aliipokea tahadhari kama ahadi, na ilipokosa kutimia akaiita uongo. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa huandika mambo mawili mbalimbali, uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Uwezekano wa wastani maana yake huenda kimbunga kisije. Na Kenneth hakikuwa uongo hata kidogo. Kimbunga kilekile kilichomkosesha nahodha kitoweo ndicho kilichoua watu zaidi ya 40 huko Msumbiji, jirani tu na Mtwara.

Lilikuwepo pia lile neno la wazee, kwamba pwani yetu haipigwi na vimbunga. Wana haki kiasi, kwa kuwa karibu na ikweta vimbunga ni adimu. Lakini mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Aprili 1952 kingine kikaipiga Lindi. Mambo yanayokuja mara moja katika maisha ya mtu husahaulika kabla hayajarudi.

Hidaya kilitua Mafia tarehe 4 Mei. Mashua ya nahodha ilipasukia mwambani. Wote watatu walitoka wazima wa roho, yeye akiwa amevunjika mguu, na alipotakiwa kupelekwa Dar es Salaam hakukuwa na njia: mafuriko yalikuwa yameikata barabara pale Somanga. Nyavu hazikuonekana tena.

Ninalo ombi kwa wanaotangaza. Kimbunga kikipita pembeni, msinyamaze. Rudini redioni mtuambie kimetua wapi na kimefanya nini huko, ili aliyevuta mashua ajue ameepuka nini. Na viongozi wa wavuvi, pangeni mapema namna ya kuzilisha nyumba siku boti zinapozuiwa. Nawe nahodha uliyekaa bandarini mara mbili bila kuona upepo, mara ya tatu kaa tena.