Mtoto Amwimbie Nani?

Miongoni mwa mambo yampasayo mwalimu wa kwaya kuyapima kabla hajawapanga watoto mstari, limo hili: wimbo anaowafundisha ni mali ya nani? Tumezoea kudhani kwamba kazi ya kwaya ni kazi ya sauti tu. Kwamba sauti ya kwanza isiimeze ya pili, besi isikokote, na pumzi isikatike katikati ya neno. Hayo ni kweli, nayo yana ugumu wake. Lakini chini yake limelala swali la maadili, nasi aghalabu hatulizindui, kwa kuwa watoto wakiimba vizuri wasikilizaji hufurahi, na furaha hufunika mengi.

Tutwae mfano wa Dzaleka, wilayani Dowa, kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Kambi hii ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa katika enzi ya Rais Kamuzu Banda. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 14,000. Leo wakazi wake wamezidi 50,000, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni lugha inayowakutanisha sokoni na kanisani. Kwaya ni nyingi, na watoto huingia kwaya wangali wadogo. Wageni nao hawakomi kuja: wafadhili, maofisa, waandishi wa habari. Na popote pajapo mgeni wa namna hiyo, watoto huitwa waimbe.

Wimbo wa kumpokea mfadhili kila mwalimu anaujua, awe wa kambini au wa kijiji chochote chetu. Kwanza husimulia dhiki, kisha hushukuru, kisha huomba. Sisi walimu wa lugha hatuwezi kuusikia tusiitazame sarufi yake. Mtoto wa miaka tisa aimba "tulikimbia", naye alizaliwa papo hapo Dzaleka, wala hajapata kukimbia vita yoyote. Aimba "sisi maskini", nafsi ya kwanza, wingi, mara nyingi kwa juma, hadi kiongozi wa kwaya aridhike. Twajua sote jinsi mtoto anavyojifunza lugha: hurudia, husahihishwa, husifiwa, na neno hukaa. Basi je, neno hili la "sisi maskini" lafundishwa kwa njia nyingine? La hasha. Lafundishwa kwa njia ile ile, tena kwa mvuto zaidi, maana lina sauti tamu na makofi nyuma yake. Udongo upatize uli maji, walinena wahenga, nasi tunaufinyanga.

Wako watakaotupinga, na hoja zao si nyepesi. Wa kwanza atasema kwamba shukrani ni adabu, na mtoto asiyefundishwa kushukuru ameharibiwa. Twakubali. Lakini shukrani hutaja kitu na mtoaji wake, ikaisha. Shukrani inayorefushwa mpaka mwenye kushukuru ajitukane haina adabu; ni kujidhalilisha kwa lugha ya adabu.

Wa pili atasema kwamba dhiki ni ya kweli. Kwa nini ifichwe? Haifichwi. Wazee wetu wana nyimbo za maombolezo, na mtoto ana haki ya kurithi kumbukumbu za wazazi wake. Lakini maombolezo huimbwa miongoni mwa wafiwa, kwa wakati wao. Kilio kinachosubiri gari la mgeni lifike ndipo kianze kimekwisha kuwa bidhaa, hata kama kila neno lake ni kweli.

Wa tatu ndiye mzito. Atasema: ninyi mwasema kwa kuwa mmeshiba. Wimbo ule huleta chaki, huleta unga. Zaidi ya hayo, serikali ya Malawi yawataka wakimbizi wakae kambini. Mwaka 2023 wale waliokuwa wakiishi mijini, Lilongwe ikiwamo, waliamriwa warudi. Kwa mtoto wa Dzaleka, kwenda Lilongwe na kwaya huenda ndiyo njia pekee ya kuuona mji. Je, tumfungie mlango huo kwa ajili ya sarufi? Hatusemi hivyo. Mwenye njaa hahukumiwi kwa alichokiimba. Tunayemhoji ni mwalimu, ambaye yeye ndiye achaguaye wimbo, na aghalabu anao uwezo wa kuchagua mwingine.

Historia ya nchi hiyo yenyewe yatuonya. Katika enzi ya Banda wanawake, waliokuwa wakiitwa mbumba wake, walikusanywa toka wilaya hata wilaya kumchezea na kumsifu Rais, na kukataa kulikuwa na hatari. Nyimbo zilikuwa nzuri, na ngoma zilikuwa ngoma halisi za mababu. Uzuri huo haukuziponya, maana mwimbaji hakuwa na hiari ya kunyamaza. Tofauti ya sifa zile na shukrani tunazozifundisha ni kubwa, lakini swali ni lile lile: je, mwimbaji angeweza kunyamaza?

Kinyume chake tumtazame mwalimu mwenzetu Enoch Sontonga wa Afrika ya Kusini, aliyetunga "Nkosi Sikelel' iAfrika" mwaka 1897, akifundisha katika shule ya misheni. Aliwapa watoto sala ya bara zima, na baadaye sauti yake ikawa wimbo wa taifa wa Tanzania na pia wa Zambia. Wimbo ule nao unaomba, lakini hauombi kwa kupiga magoti mbele ya mgeni. Mtoto aliyeuimba alipewa "sisi" iliyo pana kuliko darasa lake.

Hata Dzaleka yenyewe imeonyesha njia. Mwaka 2014 Menes La Plume, mshairi na mwanamuziki wa Kikongo aliyekuwa mkimbizi humo, alianzisha tamasha aliloliita Tumaini. Wamalawi hutoka Lilongwe na kwingineko kuja kambini kusikiliza, kununua chakula, na wengine hulala katika nyumba za wakimbizi. Hapo mkimbizi ndiye mwenyeji, na aimbaye huimba kama mwenye nyumba.

Basi twapendekeza kipimo kimoja, wala hakihitaji fedha. Kabla ya kufundisha wimbo, mwalimu na ajiulize: je, ungeimbwa siku ambayo mgeni hakuja? Je, mtoto angeuimba kisimani, akingojea zamu ya ndoo yake? Kama sivyo, wimbo huo si wake; ameazimwa kama sare ya sherehe, na jioni utavuliwa, ila maneno yake yatabaki mwilini. Na kwaya ikialikwa Lilongwe, watoto wabebe wimbo wa Kiswahili wanaoupenda, na kiitikio cha Kichewa, lugha ya jirani zao, ili wasikilizaji nao waitikie. Anayekuitikia wimbo amekwisha kuingia katika "sisi" yako, na huyo hatakutazama tena kama mwombaji.