Mapenzi Yenye Daftari

Jumamosi jioni vibanda vya mpira hapa Tunduma hujaa hadi watu husimama mlangoni. Dereva wa lori anayesubiri kuvuka kwenda Nakonde, kijana wa kubadilisha fedha, mkulima wa kahawa aliyeshuka kutoka Mbozi, wote wanatazama timu za Uingereza, na hakuna anayeona ajabu mtu wa Songwe akikosa usingizi kwa ajili ya Arsenal. Wakifungwa, mwenye kosa ni mwamuzi. Beki aliyeteleza atapata watetezi kabla ya asubuhi: uwanja ulikuwa na maji, alikuwa ametoka kuumia, kocha alimpanga vibaya. Wahenga waliliona hili zamani: ukipenda, chongo utaita kengeza.

Swali langu ni kama lazima iwe hivyo. Je, mapenzi huishi kwa kufumba jicho, au yapo mapenzi yanayoiona chongo, yakaiita chongo, na yakabaki palepale?

Swali hili limenijia kupitia mchezo ambao huku kwetu karibu haujulikani: besiboli. Dar es Salaam umepata makao. Mwaka 2018, katika Shule ya Sekondari Azania, ulifunguliwa uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani na kupewa jina la Koshien, uwanja unaoheshimiwa sana na wanafunzi wa Kijapani. Lakini kutoka hapa mpakani ni zaidi ya kilomita 900. Mimi besiboli nimeipenda kwa kuisoma, na kwa bahati ni mchezo unaosomeka kuliko mingine mingi.

Katika karne ya 19, Henry Chadwick, mwandishi wa habari mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani, alibuni jedwali la kufupisha mechi nzima. Kila mchezaji wa ulinzi ana namba kwa nafasi yake: mrushaji 1, mdakaji 2, hadi 9. Ukikuta 6-4-3 unajua mpira ulipigwa ukaelekea kwa namba 6, akamrushia 4 aliyekanyaga kituo cha pili, naye akamrushia 3, na hivyo mkimbiaji na mpigaji wote wakatolewa kwa pigo moja. Nachora miraba ya kuandikia namba hizo kwenye daftari la kawaida la mistari, na mechi iliyochezwa nikiwa nimelala inasimama mbele yangu asubuhi, tendo kwa tendo.

Mwisho wa jedwali, baada ya alama na mipigo safi, kuna safu ya tatu: makosa. Kwenye soka makosa yapo pia, ila mengi hubaki midomoni, na maneno ya mdomoni hubadilika. Hapa kosa huandikwa kwa jina la aliyelifanya. Hata sifa huandikwa pamoja na kushindwa kwake: mpigaji Ted Williams mwaka 1941 alipata wastani wa mipigo wa .406, yaani alishindwa karibu mara 6 katika kila 10, na msimu ule bado huhesabiwa miongoni mwa misimu mikubwa ya mpigaji yeyote.

Wenzangu wa kibandani huniambia huko si kupenda, ni kukagua hesabu. Nawaelewa, ila nadhani wanachanganya upendo na utetezi. Mtetezi anahitaji mtu wake awe safi; anayependa hahitaji. Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku shuleni kwa muda. Msomaji anaona kila kitu: Zakaria anavyompiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, kisha Rosa, akiwa mbali na ukali ule, anavyojiharibu hatua kwa hatua. Hatujidanganyi kwamba hakuteleza, na bado kitabu hatukifungi. Uchungu tunaousikia unatoka hapohapo, kwenye kujua. Kama ningefichwa aliyoyafanya, ningekuwa nimempenda mtu mwingine, si yeye.

Anayeibadilisha jina chongo anapenda uso alioutunga mwenyewe, na mwenye chongo anabaki hajapendwa na mtu.

Sisemi kwamba daftari linatosha. Kibandani kuna bega la mwenzako la kushika goli linapoingia. Msomaji hushangilia peke yake, na huo ni upungufu wa kweli. Wanafunzi wa Azania wanaousikia mpira ukigonga glavu wana kitu ambacho ukurasa haunipi.

Tena kosa halijiandiki lenyewe. Mechi ya ligi kuu ya besiboli ina mwandishi rasmi anayeamua kama mpira uliomponyoka mlinzi ni kosa lake au ni pigo zuri la mpinzani. Kanuni inamtaka apime kwa juhudi ya kawaida: je, mchezaji wa wastani wa ligi hiyo angeudaka? Mlinzi hapimwi kwa bingwa wala kwa malaika. Mpira ulioruka vibaya ghafla hauandikwi kosa, hata kama ulimponyoka watu wote wakiona. Namsoma Zakaria kwa kipimo hicho, naye haponi: baba wa kawaida, kwa juhudi ya kawaida, angeuzuia mkono wake. Rosa, kwa kipimo hichohicho, namwandikia makosa, lakini ni machache kuliko wanayomwandikia wengi wanaolitaja jina lake.