Bora Liende

Ndugu msomaji, nianze na swali, maana limenikosesha usingizi miezi kadhaa sasa: hivi kunyamaza nako ni kusema uongo?

Swali hili sikulipata darasani. Nililipata nikiwa nimelala chini ya gari, Marangu Mtoni, nimeshika tochi kummulikia fundi. Ilikuwa Desemba, ule mwezi ambao kila Mchaga aliyeko mbali anakumbuka kwamba ana kwao. Baba mdogo alikuwa amenipa Corolla yake ya gia za mkono niwapeleke ndugu nyumbani. Kupanda tulipanda vizuri. Nilipotaka kurudi Moshi, liva ya gia ikagoma. Naikoroga kama uji, gari halina habari.

Fundi akanieleza, na mimi nakueleza wewe. Katika gari la namna hii injini imelala kiubavu huko mbele, na giaboksi iko pembeni yake, kwa hiyo liva haiigusi moja kwa moja. Kati yake na giaboksi zinapita kebo mbili. Moja inachagua mstari, kushoto au kulia. Ya pili inasukuma na kuvuta gia iingie. Kila kebo ni nyuzi za chuma zinazoteleza ndani ya ala, na mwishoni ina pete yenye bushi. Bushi ikilika, pete inacheza. Ikicheza sana, inachomoka. Yangu ilikuwa imechomoka.

Mzee yule akakata kipande cha tyubu, akakizungusha kwenye pete, akakaza kwa waya. Kisha akafuta mikono na kuniambia: "Kijana, hii nimekufungia ikufikishe mjini tu. Usiipe kazi nyingine. Ukifika, tafuta kebo nzima." Akachukua hela yake, akaondoka.

Tafadhali yashike maneno ya fundi huyo. Alifunga kiraka, na akasema kwamba ni kiraka.

Mbele kidogo nikasimamishwa na mama mmoja mwenye mtoto na mkungu wa ndizi. Anakwenda Himo, nauli anayo, shilingi elfu mbili. Nikafikiria mafuta. Nikafungua mlango. "Aika, mwanangu," akasema, akakaa. Mimi habari ya waya sikuitaja. Hakuuliza, bwana! Nani anapanda gari akaanza kuuliza habari za bushi?

Huku kwetu, chini ya mlima wa mita 5,895, barabara za vijijini ni kupanda au kushuka. Ukishuka unaweka gia ndogo, injini ikushikie gari, ili breki zisichemke. Kwenye kona moja nikatoa gia ya tatu nitie ya pili. Ya tatu ikatoka. Ya pili haikuingia. Waya ulikuwa umekatika katikati ya safari hiyo fupi, na liva ikawa nyepesi mkononi kama kijiti. Gari likawa frii kwenye mteremko. Nikakanyaga breki, nikavuta na ya mkono, harufu ya kuungua ikajaa ndani, na tukaja kusimama gurudumu moja likiwa mtaroni, karibu na migomba ya watu.

Hakuna aliyeumia. Mtoto alilia kidogo. Mama akanitazama, wala hakuuliza nini kimeharibika. Aliuliza: "Mwanangu, ulikuwa unajua?"

Tangu siku hiyo nimejaribu kujitetea. Nimesema: nchi hii yote inaendeshwa kwa viraka. Bora liende! Mababu zetu wenyewe waliishi kwa viraka. Itazame mifongo, ile mifereji iliyoleta maji kutoka mito ya mlimani hadi kwenye vihamba. Mabanio yake yalikuwa mawe, magogo, udongo na majani. Mafuriko yakija, yanasombwa. Watu wanatoka pamoja wanafunga upya. Kama kiraka ni dhambi, basi Uchagani kote tumelishwa na dhambi.

Lakini utetezi huo haunifikishi mbali. Watu wa mfongo walijua palipofungwa udongo, kwa sababu waliufunga kwa mikono yao. Kiraka chao kilikuwa siri ya nani? Kuziba ufa ni kitu kimoja, kupaka ufa chokaa mgeni asiuone ni kitu kingine.

Mrumi mmoja, Cicero, aliyeandika kitabu juu ya wajibu mwaka 44 kabla ya Kristo, aliligusa jambo hili. Mfanyabiashara anapeleka nafaka kisiwa cha Rhodes, ambako kuna njaa. Anajua meli nyingine za nafaka ziko njiani. Je, awaambie wanunuzi, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Cicero anawaleta wanafalsafa wawili. Diogenes wa Babeli anasema kutosema si sawa na kuficha. Antipater anasema aseme yote. Mwenyewe anaegemea kwa huyu wa pili: ukinyamaza ili upate faida, huku ukitaka anayehitaji kujua asijue, hapo umeficha.

Nilifurahi kumkuta Cicero. Furaha haikudumu, maana baba mdogo aliamua kuliuza gari. Kebo haijabadilishwa, imefungwa waya mnene zaidi. Nikamkumbusha. Akasema: "We kijana, gari linatembea, halitembei? Akiuliza, tutasema. Asipouliza, unataka umfundishe wa nini?" Diogenes mtupu, na hajawahi kumsoma.

Mnunuzi akaja. Akapiga teke matairi, akawasha redio, akaridhika. Hapo nikafungua boneti, nikamwonyesha waya. Bei ikashuka shilingi laki tatu papo hapo. Zilikuwa za ada ya chuo ya mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Siku hizi nikimwamkia mzee anaitikia "marahaba" fupi kama mlango unaofungwa.

Ningeweza kuishia hapa nikajivika kilemba cha mkweli. Ila hesabu inakataa. Kwa yule mama, ukweli ungenigharimu mimi elfu mbili, nikanyamaza. Kwa mnunuzi, uligharimu mtu mwingine laki tatu, nikawa mtume. Ni rahisi sana kuwa mwaminifu kwa mfuko wa baba mdogo.

Kwa hiyo jibu langu, kwa sasa, ni hili. Kiraka si uongo. Sisi tusio na hela ya kebo mpya hatuna njia nyingine, na fundi wa Marangu si mwongo hata kidogo. Uongo unaanza pale ninapompakia mtu juu ya waya wangu bila kumwambia. Na ukweli nao una bei. Anayeusema asikimbie wakati wa kulipa.

Yule mama sijamwona tena. Baba mdogo nimeanza kumlipa. Hadi leo nimemfikishia elfu arobaini. Zimebaki laki mbili na elfu sitini. Anazipokea, anazihesabu, hasemi kitu.